Mahari ya Mtu Aliyeegemea Gari

Kwa wafuga nyuki wa Sikonge, mizinga haihesabiwi wala mali haionyeshwi mbele ya watu. Ukiulizwa unayo mingapi, unajibu, "Ipo ipo tu," hata kama asali yako inajaza lori. Mathias aliishika kanuni hiyo miaka thelathini, akaishi kwa amani na mkewe Agnetha, baiskeli yake, na mizinga themanini ya magome iliyotundikwa huko miomboni. Aliivunja mwaka aliponunua simu kubwa.

Simu hiyo ilimletea kijana aliyejiita Kocha Mussa Mabilioni. Kocha alikuwa na miwani ya jua, meno meupe mno, na gari la njano ambalo halikuwahi kuonekana likitembea. Kila asubuhi alikaa juu ya boneti akafoka: "Wewe unalala, mwenzako anaingiza dola!" Mathias hakuwa amelala. Tangu saa kumi na moja alikuwa akichuja asali. Hata hivyo maneno yalimchoma.

Kiingilio cha kundi lake kilikuwa shilingi laki mbili. Baada ya hapo ulete watu watatu, nao walete tisa, kisha dola zimiminike. Zitoke wapi? Mathias hakuuliza. Mwenye tamaa haulizi mto unatoka wapi, huuliza ndoo iko wapi. Mtu ambaye hakuwahi kununua debe la asali ya jirani bila kuchovya kijiti hadi chini, alituma laki mbili kwa mtu asiyemjua hata jina la baba yake.

Somo la kwanza likaja siku hiyo hiyo. "Kabla hujawa tajiri, onekana tajiri! Nani atamfuata mtu wa baiskeli?"

Mathias akaazima suti ya mwalimu wa kwaya, ambayo mikono yake ilimfunika hadi vidoleni, akapanda basi hadi Kanyenye, mjini Tabora. Mbele ya duka la vitambaa aliona gari jeupe limeegeshwa. Akampa simu Abasi, fundi cherehani wa hapo barazani, ampige picha.

"Egemea kidogo, mzee wangu," Abasi akasema. "Hapo unaonekana kama unalisukuma."

"Na hivi?"

"Hivi unaonekana kama limekugonga."

Mathias akaegemea kwa nguvu zote. Gari likaanza kulia king'ora. Mwenye gari, mama mmoja mnene, akatoka dukani mbio, kitambaa alichokuwa akipimiwa kikiburuzika nyuma yake.

"Wee baba! Unafanya nini kwenye gari langu?"

"Samahani, mama. Napumzika tu."

"Kwenu hakuna viti?"

Lakini picha ilikuwa imekwisha kupatikana. Ya pili alipigwa hotelini, ameketi mbele ya nusu kuku wa mteja aliyekwenda kunawa mikono. Katika ya tatu alijipepea kwa bunda la noti, mbili za juu zikiwa za kweli, zilizobaki gazeti. Akaziweka zote kwenye stetasi yake na maneno haya: "Asubuhi ya kawaida."

Agnetha alizitazama kwa muda mrefu. "Baba Eliya, mbona kuku wa watu unamchekea hivyo? Wa kwangu hujawahi kumchekea."

"Hii ni biashara. Huwezi kuelewa."

"Naelewa kwamba tuko kwenye posa. Ziondoe."

"Niziondoe kabla watu watatu hawajaja?"

Hao watatu hawakuja. Picha ndizo zilizokwenda, simu hadi simu, mpaka Isikizya. Na huko Isikizya ndiko alikokuwa Julieth, binti wa Mzee Sylvester, mchumba wa Eliya, kijana pekee wa Mathias. Mshenga wa akina Mathias, Masanja, alikuwa ameshanong'onezwa kwamba ng'ombe sita wangetosha. Mathias alikuwa nao sita kamili, hakuna hata ndama wa ziada.

Siku ya mahari ilipofika, walipokewa vizuri, wakasalimiana, wakala. Kisha Advera, shangazi wa binti na msemaji wa ukoo, akajikohoza.

"Ng'ombe kumi na wawili."

Masanja akapaliwa na maji. "Shangazi, sisi tulisikia sita."

"Sita ni wa mtu wa baiskeli." Akatoa simu kifuani. "Huyu ni nani?"

Vichwa vyote vikainamia simu.

"Ni mimi," Mathias akasema. "Lakini gari si langu. Ni la mwanamke mmoja wa Kanyenye."

"Ehee!" Advera akapiga makofi. "Amemnunulia mwanamke wa Kanyenye gari!"

Agnetha akamgeukia mumewe taratibu.

"Hata jina lake silijui! Alinifukuza!"

"Kumbe mmegombana," Mzee Sylvester akasema kwa huruma. "Pole sana, mkwe."

"Na huyu kuku?" akauliza Advera.

"Wa mtu mwingine."

"Na noti?"

"Gazeti!"

Mzee Sylvester akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Mnamwona? Tajiri wa kweli ndivyo alivyo. Anayejisifu ni maskini. Na leo kaja kwa baiskeli, hana makuu kabisa."

Mathias, jasho likimtiririka, akampigia Kocha Mussa Mabilioni mbele ya wote ili aeleze ukweli. Namba haikupatikana. Mjomba mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Anampigia meneja wake."

Advera akakunja uso. "Tusipotezeane muda. Mtu mwenye mali kama hii akitoa sita, anatuambia binti yetu ni wa sita. Kama ni hivyo, chukueni baiskeli zenu."

Eliya alikuwa akimtazama Julieth aliyesimama mlangoni, na Julieth alikuwa akitazama sakafu. Mathias akamwangalia mwanawe mara moja tu.

"Kumi na wawili," akasema.

Vigelegele vikapigwa mpaka mbuzi wakakimbia.

Eliya na Julieth walifunga ndoa baada ya mavuno. Ili kununua ng'ombe sita walioongezeka, Mathias aliuza asali ya msimu mzima na mizinga hamsini pamoja na nyuki wake. Laki mbili za kiingilio hazikurudi. Amebaki na mizinga thelathini.