Siku Dobi Alipoombea Mawingu

Marehemu shangazi yetu, Mungu amlaze pema, alikuwa dobi katika nyumba walikolazwa vijana waliokuwa wakiachana na dawa za kulevya. Vijana walimwita Mama Povu, naye aliitika bila kinyongo. Sala zake nyingi alizisali ameinamia beseni, akifikicha kola za watu.

Lango la nyumba ile halikufungwa; aliyetaka kuondoka aliondoka. Lakini wengi walioondoka kabla ya kupona walirudia dawa zilezile. Na kwa aibu hakuna aliyethubutu kubeba begi, kwa hiyo walivaa nguo juu ya nguo. Shangazi akiona kijana amenenepa kabla ya chai, alijua kuna safari.

Asubuhi moja akapita binti mmoja, kwa kawaida mwembamba kama fito, leo kafura kama gunia.

"Shikamoo, Mama Povu. Naenda kuota jua kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Kuota jua na masweta mawili? Au unaatamia mayai?"

Binti akacheka bila kupenda, kisha akanuna. "Nimechoka, mama. Mwili wote unauma. Leo silali hapa."

"Nani kakuzuia? Ila hutatoka na suruali yenye madoa hivyo. Watu watauliza dobi wenu ni nani, nitaificha wapi sura yangu? Vua nifue."

Kwa kuwa nguo zote alikuwa amezivaa, zote ziliingia kwenye beseni. Binti akabaki na shuka, amejifunga hadi kwapani.

"Ee Mola," shangazi akanong'ona akianika, "jua lako nalo lipumzike leo."

Mawingu yakatanda. Binti akawa anakuja kambani, anauliza, "Bado?" anaambiwa, "Bado," anaondoka akisonya. Alirudi akitetemeka, akarudi amelia, akarudi na kikombe cha uji.

Alasiri jua likachomoza, kali. Shangazi alitamani kudanganya, lakini alimwogopa Mungu kuliko alivyomwogopa mkuu wa nyumba.

"Zimekauka, mwanangu," akasema.

Binti akaishika suruali. Akaipapasa mfukoni, kiunoni, akaminya upindo.

"Hapa bado pabichi," akasema.

Shangazi akagusa. Palikuwa pakavu kama gome la mti.

"Basi ziache mpaka kesho," akajibu, akageukia beseni ili binti asiyaone machozi yake.

Binti akapindua ndoo, akaikalia na shuka lake, akaanza kugeuza soksi za wenzake, akilalamika kwamba zinanuka.