Walisema baba amebeba bomu: kizuizi cha Ibadakuli wakati wa vita

Wakuu, heshima kwenu. Hili nililiona kwa macho yangu. Nikiandika hadithi huwa napaka rangi, hapa sipaki.

Ilikuwa wakati wa vita na Uganda. Siku hizi mnasema magaidi, sisi tulisema wahujumu. Redio ilituonya kila jioni. Mgeni akiomba maji, aliulizwa kwanza katoka wapi.

Polisi nao walibadilika.

Afande Sudi, polisi wa kwetu, zamani alikuwa akiongozana na baba yangu kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa, wakitafuna viazi vikavu porini. Vita ilipoanza akapewa bunduki na kizuizi cha barabarani Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege wa Shinyanga. Tangu hapo ng'ombe wakiibwa, hana nafasi.

Baba alikuwa mmoja wa bayeye, wale wanaocheza na nyoka. Siku hiyo tulipanda lori la pamba kwenda kwenye ngoma Kolandoto, sanduku lake likiwa magotini.

Bayeye wana mwiko: sanduku halifunguliwi mpaka ngoma ilie.

Kwenye kizuizi cha Sudi lori likasimamishwa.

"Shikamoo mzee. Fungua hilo."

"Marahaba, Sudi. Halifunguliwi."

"Ni amri. Lisilofunguliwa tunalihesabu bomu."

"Unajua kilichomo. Lilikuja harusini kwako."

"Nilikuwa najua, mzee. Sasa hivi siruhusiwi kujua."

Akaamuru askari wawili wamshushe.

 Mchimba dhahabu mmoja wa upande wa Geita alikuwa ameshushwa kizuizini hapo siku za nyuma kwa sababu ya baruti zake za kupasulia miamba. Mkewe alikuwa bado anazunguka vituo vya polisi akimuulizia.

Walikuwa wameshamshika baba mikono, Mama Shija, mwimbishaji wa bayeye, aliposema kutoka juu ya magunia:

"Sudi, unataka lifunguliwe?"

"Ndiyo, mama."

"Si ungesema mapema. Shusheni ngoma."

Ngoma ikalia katikati ya barabara. Abiria wote tukashuka, tukaitikia. Vumbi jekundu likapanda hadi kiunoni, na baba akajichomoa mikononi mwa askari, akafungua.

Chatu akatoka taratibu, akamzunguka baba kifuani kama mtu anayevaa shuka. Askari wakarudi nyuma, mmoja akaacha kofia chini.

"Nimeona," Sudi akasema. "Funga, mzee, mwende."

"Likishafunguliwa halifungwi mpaka ngoma iishe."

"Mzee, magari yanasubiri."

"Subiri nayo."

Tukacheza. Foleni ikawa ndefu, madereva wakashuka kutazama, wengine wakaingia kucheza. Amri ya serikali ikasimama juani, bunduki begani, ikimngoja mzee amalize.

Somo nililolipata wakuu ni hili. Vita ilikuwa ya kweli, na sikatai kulindwa. Lakini askari aliyekuwa akimtafuta mwizi pamoja nasi aligeuzwa amtafute adui ndani yetu. Vizuizi vilipoondolewa, yale macho hayakuondoka. Bado nayaona leo nikipekuliwa begi langu.

Mimi anayenilinda sharti anijue. Akikataa kunijua, asitegemee niiname.

Wa Geita, Kahama na kwingine, kwenu ilikuwaje? Hasa nyie ambao wazee wenu walishushwa peke yao, bila mtu wa kuwapigia ngoma. Andikeni hapa, msiogope.