Mama Mkwe Hajui Kilichomuua Mjukuu Wake

Admin, naomba usiweke jina langu wala kitu chochote cha kunitambulisha, maana mawifi zangu wote wanafuata hii page na wanasoma kila kitu.

Mimi nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa, tunaishi Yamumbi hapa Eldoret. Mume wangu ni Mkalenjin, mimi ni Mkikuyu, ingawa nimezaliwa na kulelewa hapahapa. Sasa hivi nina mimba ya miezi minane. Ni ya pili. Ya kwanza nilizaa msichana mwaka jana, na hakufikisha hata ile sindano ya kwanza ya wiki sita.

Nilipojifungua, mama mkwe aliacha shamba lake akaja kunisaidia. Alikuja na unga wa wimbi na kuku, akafua nepi, akanipikia uji, akanikanda mgongo. Sina neno baya juu yake. Ila alikuwa na kikohozi. Alisema ni vumbi, maana walikuwa wametoka kupukuchua mahindi. Kilikuwa kikimshika anakohoa mpaka anainama na machozi yanamtoka, halafu anajipangusa na leso na kumchukua mtoto tena. Alilala naye kifuani ili mimi nipumzike.

Mtoto alianza kama mwenye mafua tu. Baadaye akaanza kukohoa mfululizo bila kuvuta pumzi, anatapika maziwa, midomo inageuka rangi ya zambarau. Kuna wakati alikuwa hata hakohoi, ananyamaza tu, anaacha kupumua mikononi mwangu mpaka nimtikise. Tulimkimbiza hospitali, akawekwa oksijeni. Daktari alituita mimi na mume wangu kando akasema anashuku kifaduro.

"Nyumbani kuna mtu mzima ambaye amekuwa akikohoa kwa muda?" akauliza.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwa benchi pale nje, tunamwona kupitia kioo cha mlango. Mume wangu akajibu haraka, "Hapana, hakuna." Mimi nikasema, "Ako. Ni mama yake." Daktari hakumlaumu mtu. Alitueleza kwamba mtu mzima anaweza kufikiri ni kikohozi cha kawaida, lakini mtoto mchanga ambaye hajapata kinga anaweza kufa nacho. Akaniuliza kama nilichanjwa kifaduro nikiwa mjamzito. Nilijua tu ile ya pepopunda niliyodungwa kliniki. Hii nyingine sikuwa nimewahi kuisikia.

Binti yetu alifariki. Majibu ya maabara yalitoka tukiwa tumeshamzika, na kweli kilikuwa kifaduro. Mume wangu akaniomba kitu kimoja, mama yake asijue. "Ana presha," akasema. "Ukimwambia yeye ndiye alimletea mtoto ugonjwa, utamzika yeye pia." Nami nilimhurumia, nikakubali. Familia ikaambiwa ni nimonia.

Sikujua kukubali huko kungenigharimu nini. Siku ya kumaliza matanga, wanawake wakiwa jikoni, mama mkwe alisema nikisikia, "Nilimwambia asimtoe mtoto nje asubuhi kwa baridi. Lakini hawa wasichana wa siku hizi hawaambiliki." Nilikuwa nimemtoa mara moja tu, kumwotesha jua. Wifi yangu mkubwa akaongeza kwamba mwanamke wa kabila lao angejua kulea. Nilitoka nje nikamtafuta mume wangu, nikamweleza yale yanayosemwa. Aliangalia chini. Akaniambia, "Vumilia, wataacha."

Hawajaacha. Mimi ndiye niliyeua mtoto kwa baridi, hata watoto wa mawifi wanajua hivyo.

Kwa hii mimba nilimweleza daktari yote tangu mwanzo. Alinipeleka mahali chanjo inapatikana, nikadungwa nikiwa na miezi saba. Alisema mwili wangu utatengeneza kinga na kumpitishia mtoto akiwa bado tumboni, imlinde mpaka afikie chanjo zake mwenyewe. Nilitoka pale nikakaa kwa gari nikalia, si kwa uchungu wa sindano. Nilikuwa nawaza mbona hakuna aliyeniambia ile mara ya kwanza. Lakini daktari alisema pia kinga hiyo si asilimia mia, kwa hivyo mtu yeyote anayekohoa asimkaribie mtoto, na watakaokaa naye nyumbani ni vizuri nao wachanjwe mapema.

Juzi mama mkwe alipiga simu. "Safari hii nakuja mapema, kabla hujajifungua," akasema. "Mtoto nitamshika mimi mwenyewe, wewe baridi ya huku kwetu hujaizoea." Katikati ya maneno akaanza kukohoa. Alikohoa kwa muda mrefu. Alipomaliza akasema ni vumbi la mahindi.

Nilimwambia mume wangu kwamba mama aende apimwe kwanza, achanjwe, na tumweleze ni kwa nini. Alikataa. "Si wewe umeshadungwa? Mtoto ako na kinga. Umevumilia mwaka mzima, miezi michache itakushinda?" Nikimwambia asije bila sababu, nitakuwa yule mkwe mbaya aliyeua mtoto na sasa anamnyima bibi mjukuu. Nikimpa sababu, najua moyo wake. Alimpenda yule mtoto, alimpa jina la mamake mzazi, na mpaka leo huenda kupalilia kaburi lake.

Anakuja wiki ijayo. Sitaki ushauri wa kumwacha mume. Nataka kuwasikia nyinyi kina mama wenye wajukuu. Kama ingekuwa ni wewe, ungetaka kuambiwa? Na ungetaka uambiwe na nani, mtoto wako au mimi?