Kiti cha Matrida

Skolastika alikuwa fundi cherehani wa Kabasa, mjini Bunda, na mtu yeyote wa mtaa ule angekwambia ni mwanamke asiye na neno na mtu. Alishona sare za shule na magauni ya kwaya, akataniana na wateja, jioni akafunga kibanda na kwenda kupika. Wivu wake haukuonekana kwa kuwa ulimhusu mtu mmoja tu, naye alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Matrida.

Walizaliwa Mwitongo, Butiama, katika nyumba iliyozungukwa na mawe makubwa. Mbuzi wa mama yao, Nyangi, walikuwa wakipanda juu ya mawe hayo na kushindwa kushuka, na aliyetumwa kuwafuata siku zote alikuwa Skolastika. Alipanda peku, nyayo zimegandamana na jiwe kama za mjusi, huku Matrida amesimama chini analia, "Dada, utaanguka! Dada, shuka!" Hakuna aliyemsifu. Mama alisema msichana anayeparamia mawe ataolewa na nyani. Baadaye aliolewa na Enos, fundi pikipiki, akahamia Bunda, miguu yake ikabaki na kazi ya kukanyaga cherehani.

Matrida alipata kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Musoma, na huko ndiko alikokutana na Sabina. Huyu alikuwa mzaliwa wa Nyegina aliyerusha ndege za abiria nchi za nje kwa miaka mingi. Alipostaafu alirudi na kijindege chake mwenyewe cha viti vinne, chenye pangaboi moja puani, na hamu ambayo watu wa Musoma walikuwa hawajawahi kuisikia. Kila alipopata nafasi aliruka kwenda mahali penye majabali, akayapanda kwa kamba, kisha akarudi nyumbani kuoga na kula ugali. Alihitaji mtu wa kumshikia kamba akiwa chini. Alikuwa amepanga chumba pale Matrida alipofanya kazi, akisubiri nyumba yake iezekwe, akamwomba Matrida. Matrida hajui kukataa. Akaenda mara ya kwanza akitetemeka, akaenda mara ya pili, mwisho ikawa ndiyo kazi yake.

Picha zikaanza kuingia kwenye simu ya Skolastika. Matrida amevaa kofia ngumu. Matrida ameegemea bawa la ndege. Matrida kwenye jabali la Iringa, anacheka, meno yote nje. Wateja walizikuta kwenye simu zao pia, wakaja nazo kibandani. "Fundi, huyu wa kwenye ndege si mdogo wako?" Skolastika alijibu ndiyo, ni mdogo wangu, akatia uzi kwenye sindano, na uzi ukakataa kupita.

Kilichomchoma zaidi kilitokea kwa mama yao. Alikwenda Mwitongo kumwona, akakuta kalenda ya jimbo katoliki imeondolewa ukutani, mahali pake pamewekwa picha ya Matrida juu ya jiwe, ndani ya fremu ya kioo.

"Mwanangu huyu ana moyo wa simba," mama alisema. "Wewe ungeweza?"

Skolastika alimtazama mama yake kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amesahau kabisa. Skolastika alikunywa uji wake wote, akaaga, akapanda gari la Bunda.

Tangu siku hiyo chuki ilimkaa rohoni. Akisikia mlio wa ndege angani aliinama zaidi juu ya cherehani. Enos alipomwambia Matrida anawasalimu, alisema, "Anasalimu kutoka juu au kutoka chini?" Enos akacheka akidhani ni mzaha.

Basi siku moja ya Alhamisi jioni simu yake iliita, namba ngeni. Alikuwa Sabina. Matrida alikuwa amempa namba ya dada yake, ya kupigiwa likitokea jambo.

"Samahani, mama. Namtafuta Matrida, simu yake haipatikani. Hali ya hewa ya kesho ni nzuri, nataka twende Singida. Mwambie awe uwanjani Musoma saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

Skolastika alijua Matrida yuko wapi. Yuko Mwitongo, anamsaidia mama kumenya mihogo, simu imeisha chaji kama kawaida ya kule. Angeweza kumpigia jirani mwenye sola. Alishika simu mkononi muda mrefu, akatafuta namba ya jirani, akaiona, akaiacha.

"Nitamwambia," alikuwa ameshamjibu Sabina.

Alfajiri Enos alimpeleka Musoma kwa pikipiki. Njiani aliuliza kwa sauti kubwa ili ashinde upepo, "Matrida amekubali uende badala yake?"

"Amekubali."

Uwanjani Sabina alikuwa anazunguka ndege yake, anagusa hapa, anachungulia pale. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mvi fupi. Skolastika alimwamkia, akasema Matrida ana homa, amemtuma yeye dada yake ili safari isiharibike. Sabina alimwangalia kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Una kilo ngapi?"

"Eeh?"

"Ndege ndogo haina adabu, mama. Inataka kujua uzito wa kila mtu."

Skolastika alisema kilo zake kwa sauti ya chini, na hata hapo alimwonea wivu Matrida, ambaye ni mwembamba kama ufito.

Walipaa. Alishika kiti kwa mikono miwili, ziwa likalala upande wa kulia kama bati jipya. Sabina alimwonyesha Butiama kwa kidole. Paa la mama yake lilipita chini yao, dogo kama kipande cha sabuni, na Skolastika akajua kwamba chini ya paa lile mdogo wake anaamka wakati huu bila habari. Alingoja aone aibu. Badala yake alisikia utamu. Leo kiti ni changu, alisema moyoni. Mashamba ya pamba ya Bariadi yalipita, kisha nyika kavu, na kabla jua halijawa kali wakatua kwenye uwanja wa vumbi Singida.

Mawe ya Singida yalimfanya asimame. Yalikuwa ya rangi ile ile ya nyumbani, yamepandana, ila marefu zaidi. Sabina alizunguka nyuma ya jiwe moja panapopitika kwa miguu, akaifunga kamba juu kwenye vyuma vilivyochimbiwa, akateremsha ncha zote mbili. Akamfunga Skolastika mkanda wa kiuno na mapaja, akampa viatu vya raba vya Matrida, ambavyo vilimbana hadi machozi.

"Nitapanda peku," Skolastika alisema.

"Hakuna anayepanda peku."

"Mimi nilikuwaga napanda peku."

Alipanda. Miaka yote ile ya cherehani ilidondoka. Vidole vya miguu vilitafuta vyenyewe mahali pa kukaa, mkono ukaenda kwenye ufa kabla jicho halijauona. Chini Sabina alikuwa anavuta kamba iliyolegea. Skolastika alipogusa chuma cha juu alipiga kigelegele, peke yake, na watoto waliokuwa wanachunga ng'ombe mbali wakamjibu.

Aliposhuka, Sabina alikuwa amevua miwani ya jua.

"Nani alikufundisha?"

"Mbuzi."

Sabina alicheka sana. "Matrida hajawahi kufika nusu ya jiwe la namna hii. Huwa anaanza kulia."

Maneno hayo Skolastika aliyapokea kama mtu aliyekaa na njaa mwaka mzima. Ikafika zamu ya Sabina. Alimfundisha jinsi ya kushika kamba, mkono huu hapa, ule usiachie kamwe, vuta kila ninapopanda, usiangalie pengine. Wakajaribu mara kadhaa chini chini, akaweza. Sabina akaanza kupanda.

Ila Skolastika hakuwa akimwangalia mpandaji. Aliangalia jiwe. Aliona Sabina anasita mahali ambapo yeye alipita bila kufikiri, akawaza, mimi ningeweka mguu kushoto. Akawaza namna atakavyomwambia mama. Akawaza uso wa Matrida. Kamba ikalegea, ikafanya tumbo hewani, na yeye hakuivuta.

Sabina aliteleza. Mkono wa Skolastika ulibana kamba, lakini ule ulegevu ulitosha. Sabina alishuka kwa kishindo, mguu wa kulia ukagonga ukingo wa jiwe, akabaki ananing'inia, anauma midomo.

Alipomteremsha, kifundo cha mguu kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Nisamehe, Madam. Nisamehe."

"Msamaha baadaye," Sabina alisema, uso umekuwa wa majivu. "Ndege ile naiongoza kwa miguu pia. Hatuondoki leo."

Dereva wa bajaji aliwapeleka hospitali. Wakiwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri picha ya mguu, Sabina alichukua simu akampigia Matrida, na safari hii ikaita.

"Pole na homa, mwanangu," alisema.

Skolastika aliisikia sauti ya mdogo wake, nyembamba, wazi kabisa, "Homa gani, Madam?"

Sabina akaelewa. Alieleza walipo na kilichotokea, akakata simu, akaiweka pajani. Muuguzi akamwita Sabina ndani.

Matrida alifika kesho yake kwa basi, vumbi hadi kwenye kope. Mguu haukuwa umevunjika, lakini Sabina aliambiwa apumzike. Matrida alimsalimia kwanza mgonjwa, akamnyooshea shuka, kisha akatoka nje uani ambako dada yake alikuwa amesimama na mfuko wake.

"Ungeniambia tu," Matrida alisema. "Ningekuachia."

"Ndiyo maana sikukuambia. Nisingetaka uniachie."

"Ulitaka nini sasa?"

"Nilitaka kiwe changu. Wewe ulikuwaga unalia tu chini pale, Matrida. Mimi ndiye niliyekuwa napanda. Leo mama anasema una moyo wa simba."

Matrida alifuta vumbi usoni kwa khanga. "Sina moyo wa simba. Naogopa kila siku. Naogopa mpaka mikono inauma, ndiyo maana kamba yangu hailegei. Madam aliniambia siku ya kwanza, yeye hatafuti mtu hodari, anatafuta mwoga." Aliuangalia mlango wa wodi. "Nenda nyumbani, dada. Watoto wako wanakungoja."

Skolastika alirudi Bunda kwa basi. Enos, aliyekuwa ameshapata habari yote, alimpokea mfuko na hakumsema, na hilo lilimuuma kuliko kusemwa.

Mguu wa Sabina ulipona, safari zikaendelea, na kiti kikabaki cha Matrida. Picha hazikuja tena. Ndugu hao hawakuzungumza mpaka mtoto wa Skolastika alipopokea komunyo ya kwanza. Matrida alikuja na kreti ya soda, akasaidia kupakua pilau, na wageni walipopungua akaketi karibu na dada yake kwenye mkeka.

"Nikwambie kitu? Usifurahi."

"Niambie."

"Tangu siku ile Madam kila jiwe tunalokwenda anakutaja wewe. Dada yako angepita hapa bila viatu. Dada yako asingeshika pale. Mimi namshikia kamba, natokwa jasho, na yeye anaimba jina lako." Alichomoa ukindu wa mkeka. "Wakati mwingine natamani nikuchukie."

Skolastika alishusha macho kwenye sahani. Alijua ilimpasa aseme pole, na mwishowe alisema, na alimaanisha. Lakini kwanza aliinuka akajifanya anakwenda kuchukua maji ya kunawa, na jikoni, akiwa ameipa mgongo sebule, alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.