Viatu vya Mvunguni

Kazini walimwita Mabuti, kwa sababu tangu aanze kufua mashuka ya hospitali hakuna aliyemwona na kitu kingine miguuni. Chumba cha kufulia kilikuwa na sakafu ya saruji isiyokauka, mashine kubwa zilizotetemeka kama zina homa, na mvuke uliomfanya mtu atoke amelowa kuliko mashuka yenyewe. Jioni alipoyavua mabuti yale ya mpira, nyayo zake zilikuwa nyeupe, zimekunjamana kama za mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni. Alizifuta, akavaa kandambili, akaenda zake nyumbani.

Viatu vyake vya kwanza vya maana alivinunua akiwa mtu mzima, mume ameshafunga virago siku nyingi. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, kisigino kifupi, na mkanda mwembamba juu ya mguu. Muuza mitumba wa karibu na kituo cha basi alipiga magoti akamvisha mwenyewe.

“Mama, hivi vilikuwa vinakusubiri wewe tu.”

Ni maneno ya biashara, anaambiwa kila mtu. Lakini Mabuti aliyabeba hadi nyumbani. Siku ile alipita njia ya mzunguko makusudi, kwenye lami, ili avisikie vinavyogonga. Alipoingia dukani kununua sabuni, muuzaji aliyezoea kumjibu huku anaangalia simu alinyanyua macho akasema, “Karibu mama.” Mabuti alikaribia kulia kwa ajili ya karibu ile. Usiku hakuvitia popote. Aliviweka juu ya kiti, akalala amevigeukia.

Mshahara uliofuata akanunua vya kahawia. Navyo vilimfurahisha, si haba, ingawa hakuviweka kitini. Baadaye vikaja vyekundu vya mchuchumio ambavyo hakujua hata kuvitembelea, halafu vyeupe, halafu vingine vyeusi vilivyofanana na vile vya kwanza kama pacha. Raha ilizidi kuwa fupi. Zamani ilikaa naye wiki nzima. Ikawa inamfikisha mlangoni. Ikawa inamwishia njiani, kabla hajavuka daraja. Mwisho ilikwisha muuzaji akiwa bado anafunga boksi. Mtu mwingine angesema basi, nimeshiba. Mabuti alikuwa kama mgonjwa anayeona dawa haifanyi kazi: akaongeza dozi. Maboksi aliyasukuma mvunguni mwa kitanda, mengine bila kuyafungua tena, akashusha shuka hadi chini ili mgeni asione kitu.

Mgeni wake mkubwa alikuwa mdogo wake wa kike, waliyechangia baba na mama, aliyekaa mtaa wa pili na binti yake mchanga. Huyu alikuwa amepoteza kazi kiwanda kilipofungwa, akawa anafua na kupiga pasi majumbani mwa watu. Mchana mmoja alikuja amejawa na furaha, akakaa pale pale kitandani, juu ya maboksi.

“Dada, nimeitwa kwenye usaili! Mapokezi, kwenye ile zahanati mpya. Blauzi ninayo, sketi nimeazima kwa jirani. Tatizo miguu.” Akanyoosha mguu wake mmoja. Kandambili ilikuwa imeshonwa kwa waya. “Huna kiatu hata cha zamani unachoweza kuniazima? Nitakirudisha siku hiyo hiyo.”

Miguu yao ilikuwa sawasawa. Tangu utoto walirithishana viatu, na mama yao alikuwa akisema amezaa mguu mmoja mara mbili. Mabuti aliujua ukweli huo vizuri kama alivyolijua jina lake.

“Sina kinachokutosha, mdogo wangu,” alisema. “Mimi na mabuti yangu tu, unanijua.”

Mdogo wake akacheka, akasema haya, Mungu atajua pa kunisitiri. Akanywa chai, akaondoka. Mabuti alibaki anaitazama alama aliyoiacha kwenye shuka pale alipokaa.

Kwenye usaili mdogo wake alikwenda na kandambili. Walimwambia watampigia, hawakumpigia. Huenda walimpata mwenye cheti kikubwa zaidi. Huenda mkubwa wao alikuwa na ndugu yake. Mabuti alijishikiza kwenye huenda hizo kwa muda mrefu. Kila aliposikia moyo unamchoma alijiambia kwamba hakuna anayenyimwa kazi kwa sababu ya miguu. Kisha alikumbuka ile karibu mama ya dukani.

Miezi ikapita. Jumamosi moja, yeye akiwa kazini, bomba lilipasuka ukutani mwa chumba chake. Maji yakatoka chini ya mlango hadi uani. Mdogo wake alikuwa amefika na binti mgongoni kumletea dada yake nguo aliyomrekebishia. Akaona maji, akapiga kelele. Fundi cherehani wa chumba cha jirani akaja na nyundo, wakavunja kufuli, majirani wakaingia kuokoa kinachookoleka.

Mabuti aliporudi jioni alifikiri amekosea nyumba. Uani, juu ya ukuta mfupi, juu ya ndoo zilizopinduliwa, juu ya kamba ya nguo, juu ya godoro lake lililochuruzika maji, kulikuwa na viatu. Vimepangwa viwili viwili, vimeelekezwa kwenye jua la mwisho kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Watoto wa jirani walikuwa wanavihesabu kwa sauti na kugombania hesabu.

“Jirani, umefungua duka hutuambii?” fundi cherehani akauliza. “Au mwenzetu una miguu mingine umeificha?”

Ua wote ukaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya; watu walikuwa wamechoka kuchota maji na walihitaji kucheka. Mabuti alijaribu kucheka nao, uso ukakataa.

Mdogo wake hakucheka. Alikuwa amechuchumaa karibu na mlango, sketi imelowa hadi magotini, anafuta tope kwenye kiatu cheupe kwa pindo la nguo yake mwenyewe. Alikigeuza, akaangalia namba chini ya soli.

“Namba yangu,” alisema, polepole, kama anayesoma. Akaingiza mguu, akautoa. Kisha akakiweka kiatu pale pale kilipokuwa, akamfunga mtoto mgongoni vizuri, akaaga watu wote kwa adabu, na dada yake pia. “Pole na maji, dada.”

Afadhali angemtukana.

Godoro halikukauka, likaanza kunuka. Mabuti alililalia hivyo hivyo na ndipo kilipomjia akilini kitu ambacho hakuwahi kukiwaza miaka yote. Kila alipofika kwenye meza ya yule muuza mitumba alijiuliza ninunue hiki au kile, chenye mkanda au kisicho na mkanda, na alichagua kwa makini sana, akajiona mnunuzi mwerevu. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza kiatu au godoro. Kiatu au blanketi la mtoto wa mdogo wangu. Alikuwa anapima kiatu kwa kiatu, na kiatu siku zote kilishinda.

Habari zikamfikia kwamba mdogo wake amepata kazi, ya kuuza kwenye duka la vitambaa. Mabuti akachagua jozi tatu zilizoonekana mpya kabisa, akazitia kwenye mfuko, akaenda kwake. Njia nzima alipanga maneno. Alipofunguliwa mlango yote yakayeyuka.

“Nimekuletea.”

Mdogo wake aliutazama mfuko, akatazama kandambili zake. Mtu mwenye uwezo wa kukataa angekataa. Akatoa jozi moja, nyeusi, ya kawaida kabisa.

“Hivi vitanifaa kazini. Vingine rudi navyo.”

Siku mdogo wake alipoanza kazi, wakati wa chakula cha mchana, Mabuti alishindwa kuvumilia. Akavua mabuti, akavaa vile viatu vyake vya kwanza vya ngozi, alivyokuja navyo kwenye mfuko, akaenda dukani kumwona mdogo wake akiwa amependeza. Alimkuta kweli nyuma ya meza, blauzi imenyooka, anampimia mteja kitambaa. Kisha akamwona tajiri wa duka ameinama na ufagio, anafagia vipande vyeusi vilivyosambaa kutoka mlangoni hadi kwenye meza, kama makombo ya keki iliyoungua. Mdogo wake alikuwa pekupeku. Viatu vyenyewe vilikuwa pembeni, juu tu ndiko kuzima. Chini hakuna kitu.

“Soli imesagika yenyewe,” tajiri akasema, hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa. “Hivi viatu vimekaa sana bila kuvaliwa. Gundi imekufa, mpira umeoza. Nani kakuuzia?”

Mdogo wake alinyanyua macho, akamwona dada yake mlangoni.

“Nimepewa,” alisema. Hakusema na nani.

Mabuti alisikia masikio yanawaka moto. Aliinama akafungua mikanda, akavua vyake, akavisukuma chini ya meza kwa mguu. Alirudi hospitalini pekupeku, juani, kwenye ile lami aliyopenda kuvisikia viatu vikiigonga. Watu walimtazama. Askari wa getini akamuuliza, “Mama, umeibiwa?” Akajibu hapana.

Jioni ile alifungua maboksi yote, moja baada ya jingine. Kulikuwa na viatu ambavyo hakukumbuka kabisa kwamba ni vyake. Baadhi vilimmomonyokea mikononi. Vilivyosalimika aliviweka uani, akawaambia majirani wachukue. Fundi cherehani alichukua jozi ya mke wake, na safari hii hakutania.

Mwisho wa mwezi mdogo wake akaja. Miguuni alikuwa na viatu vipya vya bluu, vya bei ndogo, vya kununua kwa jasho lake, na alitembea navyo kwa uangalifu kama sakafu ina mayai. Mkononi alikuwa na vile vyeusi vya ngozi, vimepigwa rangi vikang’aa.

“Ahsante kwa kuniazima,” alisema.

Mabuti alikuwa amempa vile moja kwa moja, hakumwazima. Akavipokea.

Mtoto alitambaa hadi mvunguni, akatoka mikono mitupu.

“Nataka uniambie kitu kimoja tu,” mdogo wake akasema. “Viatu vyote vile hukuwa unavivaa. Wala hukuwa unaviuza. Kwa nini ulininyima, dada?”

Mabuti angeweza kusema sijui. Angeweza kusema shetani. Alitazama vile viatu vya bluu.

“Niliogopa,” alisema. “Niliogopa ukivivaa utafurahi. Utafurahi kama nilivyofurahi mimi mara ya kwanza. Na mimi nilikuwa navyo vyote vile na ile furaha siipati tena.”

Mdogo wake alifikiri.

“Hiyo ni mbaya kuliko uchoyo.”

“Najua.”

Mtoto akaanza kulia kwa njaa. Mdogo wake alimnyanyua, akamweka magotini, na baada ya muda, bila kumtazama dada yake, akauliza kama kuna maziwa humu ndani. Mabuti akainuka haraka mno, akaangusha kiti, akaenda kuyapasha moto.