Mshenga wa Paladiamu

Kosa lilikuwa langu. Mama aliponiuliza, mbele ya wenzake wa kanisa, ninasomea nini huko chuo kikuu, nilijibu kwa maringo: "Vichocheo." Masikio ya miaka ile ya tisini yalisikia uchochezi, na uchochezi ulikuwa unapeleka watu jela.

Jumamosi asubuhi daftari langu la maabara halikuwepo mezani. Niliipekua nyumba yetu ya Donholm chumba hadi chumba. Kazi yangu ya miezi minane ilikuwa humo, na Jumatatu nilitakiwa kulifikisha kwa profesa, la sivyo niiage shahada.

"Nimeficha," Mama alisema, akikata sukuma wiki. "Polisi wakikuja, wapate Biblia peke yake."

Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Lakini kwa Mama hasira haifui dafu, kwa hivyo nikavuta kigoda. Mtaani yeye ndiye aliyekuwa akiwaposea vijana wachumba, basi nikamweleza kwa lugha ya kazi yake.

"Kichocheo ni mshenga, Mama. Kuna metali inaitwa paladiamu. Inashika kaboni mbili ambazo zenyewe hazingesalimiana, inaziunganisha, halafu inaziacha inaenda kuunganisha zingine. Yenyewe haioi wala haiolewi."

"Na haikuli mahari?"

"Hata shilingi."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Na ikipenda bibi arusi yenyewe, ikatae kuachilia?"

Kila jaribio langu lilianza vizuri, kisha baada ya saa moja likazima, nami nilikuwa nimelaumu kila kitu, hata maji ya bomba. Sikuwahi kufikiri kwamba paladiamu inang'ang'ania kile ilichokiunganisha.

"Sisi mshenga wa macho ya nje, anayeweza kumtamani bibi arusi, hatumtumi peke yake," Mama akaendelea. "Tunamtuma na mke wake, yule mnene, akae hapo katikati. Atashikilia nani tena?"

Nilimkumbatia, kisu na sukuma na yote. Daftari lilitoka ndani ya gunia la mahindi, limefungwa kwa leso.

Jumatatu nilimwambia profesa nataka kuifunga metali na molekuli nene zaidi ubavuni, ili ikose nafasi ya kung'ang'ania. Akaniuliza nimeyasoma wapi. Nikasema nyumbani. Wiki hiyo jaribio lilienda kutwa nzima bila kuzima.

Jumapili Mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda. "Ile siku nilisikia vibaya," alisema. "Mtoto wangu si mchochezi. Ameshika kazi yangu."