Tone la Kwanza Huanzia Pindoni

Mama Pasi, kama wateja walivyomzoea kumwita, alikuwa na sheria moja katika udobi wake: dawa ya madoa huanzia pindoni, upande wa ndani, mahali pasipoonekana. Umletee suti ya bwana harusi au kitambaa cha meza, atatia tone moja kwanza, asubiri, aone. Miaka kumi na minane hakuwahi kuharibu nguo ya mtu. Sasa mtu makini namna hiyo aliingiaje mkenge?

Mabaka yalimwanza baada ya mtoto wa tatu. Yalikuwa ya kahawia, mashavuni na juu ya mdomo, kama mtu aliyekunywa chai akasahau kujifuta. Waliomjua walinyamaza, wasiomjua wakamshauri anawe uso. Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyekuja na kikopo cheupe kisicho na maandishi.

“Paka kila ukienda kulala. Nachanganya mwenyewe. Kwani mimi naweza kukupa kitu kibaya, wifi yangu?”

Alipaka uso mzima siku hiyo hiyo.

Wiki ya tatu uso uling’aa mpaka mumewe akamtazama mara mbili. Mwezi wa nne mambo yakageuka. Ngozi ikawa nyekundu, ikawasha, na mvuke wa pasi ukimgusa tu anaruka. Mabaka yakarudi, meusi kuliko mwanzo.

“Ongeza, huo ni uchafu unatoka,” wifi akasema. Naye, maskini, akaongeza.

Daktari wa ngozi hakumficha. “Mabaka haya huletwa na mimba, jua, hata joto la kazi yako. Huo mkorogo wa kujichubua ndio uliokuumiza. Tutauacha kwa utaratibu. Vaa kofia pana, paka krimu ya kuzuia jua kila asubuhi, tumia dawa nitakayokuandikia. Yatafifia polepole, ila siwezi kukuahidi kwamba yataisha.”

Hilo alilimeza. Lililomshinda alilikuta Jumamosi, alipompelekea wifi mashuka yake. Binti wa wifi, uso umejaa chunusi, alimfungulia mlango akashtuka.

“Anti, uso umefanyaje?”

“Krimu ya mama yako.”

“Ulipaka ile? Mimi nilifungua kifuniko tu, mama akaninyang’anya. Alisema ni ya kuuzia watu, itaniharibu sura.”

Kumbe alijua! Tangu kikopo cha kwanza alijua, na bado alimwita “wifi yangu”. Mama Pasi alirudi nyumbani akilia waziwazi, wapita njia wakimpisha.

Wiki iliyofuata wifi alikuja dukani na blauzi ya hariri yenye doa kifuani.

“Nitolee, lakini angalia usije ukaiharibu.”

Mkono wa Mama Pasi ulikwishakunja pindo, kwa mazoea, tone likiwa tayari. Akasita. Akairudisha blauzi kwenye mfuko wa wifi, bila kuitia dawa.

“Blauzi yako nilikuwa naijaribu kwanza mahali pasipoonekana,” akasema. “Mimi, wifi, ulinianzia usoni.”